Tarehe ya Arbois: Chumvi, Jibini na Divai ya Manjano

Mgeni akionja divai ya manjano ya Arbois kwa mara ya kwanza, mara nyingi huirudisha glasi mezani na kumtazama mwenyeji kwa shaka. Ni kavu, kali, ina harufu ya jozi na ya viungo vya jikoni, na haina ule utamu wa tunda anaoutarajia mtu katika zabibu. Wengi hudhani chupa imeharibika. Mwenyeji hajibu kitu. Hukata kipande cha jibini la Comté, akampa mgeni ale, kisha humwambia anywe tena. Hapo ndipo mazungumzo huanza.

Arbois ni mji mdogo wa mashariki ya Ufaransa, wenye wakazi elfu tatu na mia kadhaa, pale ambapo milima ya Jura inakoma na uwanda wa Bresse unaanza. Mto Cuisance unaupitia katikati. Nyuma yake bonde linaishia kwenye magenge marefu ya mawe ya chokaa, na mizabibu imepandwa kwenye miteremko ya udongo mzito wa kijivu unaonata viatuni mvua ikinyesha. Beaune, mji mkuu wa divai za Bourgogne, uko mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kuelekea magharibi. Watu wa Beaune waliuza divai yao kwa wafalme na matajiri wa dunia nzima. Watu wa Arbois, ambao hawakuwa na bahati hiyo, walibaki na tabia zao, na tabia hizo ndizo tarehe hii inazisimulia.

Anayetaka kuielewa divai hii aanze na chumvi. Jirani na Arbois kuna mji wa Salins, ambako maji ya chumvi hutoka chini ya ardhi. Kwa karne nyingi maji hayo yalipandishwa juu na kuchemshwa katika masufuria makubwa ya chuma mpaka chumvi ibaki. Katika Ulaya isiyo na majokofu, mwenye chumvi alikuwa mwenye mali. Makabaila na watawa waliogawana faida ya visima vya Salins ndio walionunua na kupanda mizabibu kwenye vilima vya jirani. Masufuria yale yalikula kuni mpaka misitu ya karibu ikaelekea kwisha, hata serikali ya mfalme ikaamua kuyapeleka maji ya chumvi kwenye msitu badala ya kuzileta kuni Salins. Kuanzia mwaka 1775 msanifu majengo Claude-Nicolas Ledoux alijenga kiwanda kipya huko Arc-et-Senans, na maji yakasafirishwa kwa mabomba ya miti kiasi cha kilomita 21. Salins yenyewe iliendelea kuchemsha chumvi mpaka mwaka 1962.

Chumvi hiyo hiyo ilipanda mlimani kwenda kutengeneza jibini. Juu kule baridi ni ndefu na theluji hufunga njia, hivyo mkulima alihitaji chakula kitakachokaa miezi mingi. Jibini kubwa hukaa, dogo halikai. Lakini gurudumu moja la Comté lina uzito wa kilo 40 hivi na linakula lita 400 za maziwa, kiasi ambacho ng'ombe wa kaya moja hawawezi kukitoa kwa siku. Wanakijiji wakachanga maziwa, wakamwajiri mtengenezaji mmoja, wakagawana jibini kwa kadiri ya kila mtu alivyoleta. Kumbukumbu za ushirika wa namna hii zinafika karne ya 13. Jambo hili tutalirudia, maana wakulima wa zabibu walikuja kulifuata.

Jimbo ambamo Arbois imo halikuwa la Ufaransa hapo mwanzo. Lilikuwa mikononi mwa ukoo wa kifalme wa Habsburg, na mwaka 1595 Henri IV wa Ufaransa aliuzingira mji wa Arbois na kuuteka. Hakukaa. Lakini divai aliipenda, na waziri wake Sully ameacha habari kwamba mfalme alipopatana na adui yake wa zamani, Mtemi wa Mayenne, alimkirimu kwa divai ya Arbois. Ilikuwa lazima uje utawala wa Louis XIV, na mkataba wa Nijmegen wa mwaka 1678, ndipo jimbo likawa la Ufaransa moja kwa moja.

Mwaka 1774 Louis XV alifariki mwezi Mei, na mjukuu wake akashika kiti. Vuli ile wakulima wa Arbois walivuna zabibu za savagnin kama kawaida yao, wakazisindika, wakaziacha kwenye mapipa. Baadhi ya chupa za mavuno yale zilibaki chini ya nyumba ya familia moja ya mji huo, kizazi baada ya kizazi. Mapinduzi yalipita, wafalme wakarudi na kuondoka, vita vitatu na Wajerumani vikapita. Mwaka 1994 chupa moja ya mavuno yale ilifunguliwa mbele ya waonjaji 24, nao wakaikuta ingali hai. Mwaka 2018 nyingine iliuzwa kwa mnada mjini Lons-le-Saunier kwa euro 103,700. Sijui divai gani nyingine isiyo na sukari ya kuilinda inayoweza kudai umri kama huo.

Siri yake iko katika kile ambacho watengenezaji wengine wa divai wanakiogopa, nacho ni hewa. Sehemu nyingi nyingine pipa hujazwa pomoni, na kila divai inapopungua huongezwa, kwa sababu hewa huigeuza kuwa siki. Arbois, kwa pipa la manjano, hawaongezi kitu. Zabibu ya savagnin huvunwa ikiwa imekomaa sana, divai yake ikishachachuka huwekwa katika pipa la mwaloni lenye ujazo wa lita 228 hivi, na nafasi huachwa juu. Baada ya muda utando mwembamba wa chachu hujitandaza juu ya divai, wa kijivu, wenye mikunjo. Utando huo hula kilevi na hewa, huizuia siki isitokee, na taratibu huipa divai ladha ile inayomshangaza mgeni. Mtengenezaji hana kazi nyingine ila kuonja, kupima na kungoja. Mapipa mengine huasi. Utando hukatika, siki huingia, na mali ya miaka inapotea. Hata leo, pamoja na maabara zote, hakuna anayeweza kumwahidi mwenzake kwamba pipa fulani litafika.

Sheria inataka divai ikae mpaka tarehe 15 Desemba ya mwaka wa sita baada ya mavuno, na miezi isiyopungua 60 kati ya hiyo iwe chini ya utando. Katika muda huo zaidi ya theluthi moja ya divai hupotelea hewani. Kila lita iliyoingia hubakiza kiasi cha sentilita 62, na hicho ndicho kipimo cha chupa yake fupi yenye mabega mapana, iitwayo clavelin. Ulaya ilipolinganisha vipimo vya chupa za divai, watu wa Jura walishikilia chupa yao mpaka wakaruhusiwa kubaki nayo.

Turudi kwenye miaka. Mwezi Aprili 1834 wafumaji wa hariri wa Lyon waliasi, na habari zilipofika Arbois, wakulima wa mizabibu nao wakatangaza jamhuri. Askari walipoletwa kutuliza mji, waliuliza viongozi wa ghasia ni nani. Jibu lililobaki midomoni mwa watu mpaka leo ni kwamba wote walikuwa viongozi. Katika mji huo alikuwamo mtoto wa miaka 11, mwana wa mtengeneza ngozi aliyekuwa sajini katika jeshi la Napoléon. Jina lake Louis Pasteur.

Pasteur alizaliwa Dole mwaka 1822, lakini Arbois ndiko alikokulia, katika nyumba ya kando ya Cuisance, na kila kiangazi cha utu uzima wake alirudi huko. Mwaka 1863 Napoléon III alimwomba achunguze kwa nini divai za Ufaransa zinaharibika zikisafirishwa. Biashara ya nje ilikuwa inaumia, hasa kwa Waingereza waliokuwa wakirudisha mapipa yaliyochacha. Pasteur hakuanzia Paris. Alikwenda kwao, akapata chumba cha mkahawa wa zamani, akakifanya maabara, na vyombo vyake vingi vikaundwa na mafundi wa pale pale mjini. Majirani walicheka kwanza. Kisha wakaanza kumletea chupa zao mbaya, maana aliweza kutazama tone moja kwenye hadubini na kusema divai ile ina ladha gani kabla hajaionja.

Alichokiona ni viumbe vidogo, kila ugonjwa na wake. Akagundua kwamba ukiipasha divai moto wa digrii 50 hadi 60 kwa muda mfupi, viumbe hivyo hufa na divai haiharibiki. Alipata hataza ya njia hiyo mwaka 1865, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake juu ya divai. Leo njia hiyo inatumika zaidi kwenye maziwa kuliko kwenye divai, na maziwa yasindikwayo kwa njia hiyo yanabeba jina lake hata katika pakiti za Dar es Salaam na Nairobi. Mambo mawili yananifurahisha hapa. La kwanza, Comté, jibini la nyumbani kwake, ni lazima litengenezwe kwa maziwa mabichi, yasiyoguswa na uvumbuzi wake. La pili, divai ya manjano ya mji wake nayo huishi kwa hisani ya vijidudu ambavyo mtu mwingine angeviua.

Mwaka 1874 alinunua shamba dogo la mizabibu nje ya mji, mahali paitwapo Rosières. Mwaka 1878, baada ya kifo cha Claude Bernard, yalichapishwa maandishi ya mwanasayansi huyo yaliyodai kwamba uchachu unaweza kuzaliwa ndani ya juisi yenyewe bila chachu. Pasteur akaagiza vibanda vya kioo, akavijenga juu ya sehemu ya mizabibu yake kabla zabibu hazijakomaa, na vichala vingine akavifunga kwa pamba. Msimu wa mavuno ulipofika, juisi ya zabibu zilizofunikwa haikuchachuka. Chachu ilikuwa imetoka nje, ikatua kwenye ganda. Hoja ikaisha katika shamba la zabibu la Arbois.

Wakati huo huo adui mwingine alikuwa njiani. Filoksera, mdudu mdogo aliyetoka Marekani, hula mizizi ya mzabibu wa Ulaya mpaka ufe. Katika miaka ya 1880 aliimaliza mizabibu ya Jura kama alivyoimaliza ya kwingine. Dawa iliyopatikana ilikuwa kubebesha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la Kimarekani linalomstahimili mdudu, na mmoja wa waliofanya kazi kubwa katika jambo hilo alikuwa Alexis Millardet, mzaliwa wa Jura aliyefundisha Bordeaux. Lakini kubebesha kuligharimu fedha, na reli ilikwisha kuanza kuleta divai rahisi za kusini. Wengi wakaacha. Mizabibu ya Jura iliyokuwa imefikia hekta 20,000 hivi katika karne ya 19 leo ni kiasi cha hekta 2,000.

Waliobaki walitazama mlimani. Mwaka 1906 wakulima wa Arbois waliunda ushirika wa kusindika na kuuza divai, mmoja wa ya mwanzo Ufaransa, wakauita kwa jina lile lile la ushirika wa jibini na wakaufuata mtindo wake. Ushirika huo ungalipo. Miaka 30 baadaye, tarehe 15 Mei 1936, Arbois ilikuwa miongoni mwa majina ya kwanza kabisa ya divai kulindwa na sheria mpya ya Ufaransa, kabla hata ya majina mengi makubwa ya Bordeaux na Bourgogne. Château-Chalon, kijiji kilicho juu ya genge ambako hutengenezwa divai ya manjano peke yake, kilifuata mwezi huo huo.

Baada ya vita vya pili vya dunia, mfanyabiashara Henri Maire aliijaza Ufaransa matangazo ya barabarani ya divai yake yenye mapovu. Wapo wanaomlaumu kwa kelele zile. Mimi naona bila yeye Wafaransa wengi wasingejua Arbois iko wapi. Upande mwingine kabisa, kwenye kijiji cha Pupillin kilicho juu ya mji, Pierre Overnoy alianza katika miaka ya 1980 kutengeneza divai bila kutia salfa, na leo wanunuzi wa Tokyo na New York wanagombania chupa za aina hiyo kwa bei ambayo mkulima wa zamani asingeiamini.

Sasa mezani. Kwanza fahamu kwamba Arbois huanza na nyekundu na kumaliza na nyeupe, kinyume cha desturi ya sehemu nyingi. Sababu ni nguvu. Nyekundu ya zabibu ya poulsard, ambayo Pupillin wanajigamba kuwa ndio mji mkuu wake wa dunia, ina ganda jembamba na rangi hafifu, karibu na waridi. Hunywewa ikiwa na ubaridi kidogo, pamoja na nyama zilizokaushwa na soseji ya Morteau, ambayo hufukizwa kwa moshi wa misonobari. Hapo mafuta na moshi hukutana na divai nyepesi isiyojaribu kushindana navyo. Trousseau ni zabibu nyingine. Inataka jua na changarawe, hustawi vizuri Montigny-lès-Arsures, na divai yake ina pilipili ndani yake. Hiyo huwekewa nyama ya porini, ndege wa vuli, na nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole.

Chardonnay ya hapa, kama pipa lake limejazwa siku zote, ni rafiki wa samaki trauti wa mito ya baridi. Katika majira ya baridi huletwa jibini la Mont d'Or, laini, lililofungwa ndani ya kisanduku cha msonobari. Hutobolewa katikati, humiminwa divai nyeupe na punje za kitunguu saumu, huingizwa katika oveni likiwa katika kisanduku chake, kisha huliwa kwa kijiko juu ya viazi vya kuchemsha. Mlo wa maskini huo ulikuwa. Sasa unauzwa ghali Paris.

Lakini sahani kuu ya mji ni jogoo wa divai ya manjano. Uwanda wa Bresse uko chini tu ya vilima, na kuku wake weupe wenye miguu ya buluu wamelindwa kwa sheria tangu mwaka 1957. Mpishi humkata jogoo vipande, humkaanga kwa siagi mpaka abadilike rangi, humiminia divai, huongeza uyoga uitwao morille, wenye kichwa kilichotobokatoboka kama sega la nyuki, ambao huokotwa msituni majira ya kuchipua. Hufunika, huacha moto mdogo, na mwishoni hutia malai. Wapishi wengi hutia savagnin ya kawaida sufuriani na kubakiza divai ya manjano kwa kunywa, wakimimina kidogo tu kabla ya kuepua. Ni uamuzi wa busara. Chupa ya miaka sita haifai kuchemka nusu saa.

Harufu ya mchuzi huo msomaji wa pwani anaijua. Kemikali iitwayo sotoloni, inayozaliwa chini ya ule utando wa chachu, ndiyo hiyo hiyo inayoupa uwatu harufu yake. Aliyekulia Lamu, Mombasa au Unguja, katika nyumba ambamo uwatu unarowekwa au kutiwa mchuzini, akipelekewa glasi ya divai ya manjano puani ataitambua kabla ya Mfaransa wa Paris. Ndiyo maana siku hizi baadhi ya wapishi wa Ufaransa huiweka divai hii na kuku wa bizari, jambo ambalo bibi zao wasingelifikiria.

Kuhusu Comté, vitabu vya divai vimejaa amri za nini kinywewe na nini, na nyingi ni mitindo inayopita. Hii si mtindo. Comté lililokaa miezi 18 au 24 lina ladha ya jozi, ya siagi iliyoungua kidogo na ya chumvi, na divai ya manjano ina jozi hizo hizo na ukali unaokata mafuta. Viliwe pamoja, divai ikiwa imefunguliwa saa kadhaa kabla na isiwe baridi sana, digrii 14 au 15 zinatosha. Chupa iliyobaki haina haraka. Itakaa wiki kadhaa kabatini bila kuharibika. Ukiniuliza, sioni wawili wanaopatana kuliko hawa katika chakula chote cha Ufaransa.

Mwisho wa mlo kuna divai ya majani makavu, itengenezwayo kwa vichala vilivyoanikwa wiki sita au zaidi mpaka vikaribie kuwa zabibu kavu. Kilo 100 hazitoi hata lita 20 za juisi. Zamani ilitolewa kwa wagonjwa na wazazi waliojifungua. Leo hunywewa na jibini la buluu la Gex, au peke yake, kidogo kidogo.

Jumapili ya kwanza ya Septemba, siku ya Mtakatifu Just, watu wa Arbois hufunga vichala vingi pamoja vikawa kichala kimoja kikubwa, na wanaume wanne hukibeba kwa mti mabegani mpaka kanisani, kikaning'inizwa. Kinaitwa Biou. Tangu mwaka 1997 kuna sherehe nyingine mwanzoni mwa Februari, inayohama mji hadi mji wa Jura, ambapo pipa la kwanza la divai ya manjano iliyofikia umri wake hutobolewa mbele ya watu.

Mwezi Aprili 2021 machipukizi yalikuwa yametoka mapema kwa sababu ya joto la Machi. Kisha jalidi ikaanguka kwa usiku kadhaa. Wakulima waliwasha moto kati ya mistari ya mizabibu, lakini sehemu kubwa ya mavuno ya Jura ya mwaka ule iliungua kabla ya kuwa zabibu. Savagnin chache zilizookoka ziliingia mapipani kama kawaida. Divai yake ya manjano hairuhusiwi kufika sokoni kabla ya mwaka 2028.